Miji midogo ilinde njia na maeneo ya wazi mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie namna mji mdogo unavyobadilika kutoka kizazi kimoja hadi kingine, na kitu kimoja ambacho naamini wenye mamlaka ya kuupanga hawakipi uzito unaostahili. Mijadala yetu kuhusu miji huelekea zaidi kwenye majiji makubwa, ilhali takwimu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba karibu nusu ya wakazi wa mijini duniani wanaishi katika miji yenye watu wasiofika 500,000. Miji hiyo ndiyo inayopandishwa hadhi kila mara, na ndiyo ambayo ardhi yake bado haijajaa kiasi cha kuwanyima viongozi nafasi ya kuchagua.

Tukiulizwa mji umebadilikaje tangu enzi za babu zetu, wengi wetu hutaja majengo. Ghorofa zimeota palipokuwa na nyumba za udongo, soko limehamishwa, kiwanda kimefungwa. Lakini jengo ndilo jambo jepesi kuliko yote kubadilika mjini, kwa sababu hurithiwa, huuzwa, huvunjwa na kujengwa upya bila kuathiri sana wanaopita nje yake. Kinachodumu ni mistari iliyochorwa ardhini: upana wa barabara, mpaka wa kiwanja na ukubwa wa eneo lililoachwa wazi. Mistari hiyo ikishawekewa vigingi na watu wakishajenga kwa kuifuata, huishi kuliko walioichora.

Mfano ulio wazi kuliko wote ninaoufahamu ni mji wa Lucca, nchini Italia. Warumi walijenga hapo uwanja wa michezo wenye umbo la yai, nje kidogo ya kuta za mji wao. Michezo ilikoma, mawe ya uwanja yakachukuliwa kujengea kwingine, na watu wakajenga nyumba zao juu ya masalia ya majukwaa, kila mmoja akiegemea ukuta uliokuwapo. Katika karne ya 19 vibanda na nyumba zilizosongamana katikati ziliondolewa ili papatikane nafasi ya soko. Leo anayesimama pale amezungukwa na nyumba za wakazi ambazo kwa pamoja zinalifuata lile umbo la yai, ingawa uwanja wenyewe ulikwisha karne nyingi zilizopita. Mji huohuo una kuta za ulinzi zilizokamilika katikati ya karne ya 17, zenye mzunguko unaozidi kilomita 4. Zilipokosa kazi ya kivita hazikugawanywa viwanja, bali ziligeuzwa kuwa njia ya matembezi yenye miti, na bado ni mali ya watu wote.

London nayo iliungua mwaka 1666, na nyumba zaidi ya 13,000 zikateketea. Siku chache baadaye msanifu majengo Christopher Wren aliwasilisha mchoro wa mji mpya wenye barabara pana zilizonyooka. Mchoro huo haukutekelezwa, kwa kuwa kila mwenye kiwanja alitaka kurudi palepale alipokuwa, na fedha wala muda wa kuwafidia wote haukuwapo. Nyumba zikajengwa kwa matofali na mawe badala ya mbao, baadhi ya barabara zikapanuliwa, lakini sehemu kubwa ya njia ilibaki ile ya kabla ya moto. Ikiwa hata moto ulioteketeza karibu mji mzima haukufuta mipaka ya viwanja, sioni vipi halmashauri yoyote itaweza kuirekebisha baadaye kwa barua na matangazo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, Tanga inatosha kuonyesha jinsi shughuli za mji zinavyoweza kupita na mji ukabaki. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza kutoka bandarini kuelekea bara, hadi ikafika Moshi mwaka 1911. Kizazi kimoja kiliujua mji huo kuwa wa bandari na manamba, kwa kuwa watu walitoka mbali kwenda kufanya kazi mashambani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa mkonge. Kizazi kilichofuata kilishuhudia nyuzi za plastiki zikiushusha bei na mashamba yakififia. Kikaja kingine kilichoukuta mji umepewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Muda wote huo mtu wa Ngamiani, mtaa mmoja wa Tanga, aliendelea kuelekezwa nyumba kwa namba ya barabara, na mtaa wenye barabara zilizonyooka namna hiyo ni rahisi kuupitishia bomba la maji, nguzo ya umeme au gari la zimamoto, hata kama waliouchora hawakuwa na wakazi hao akilini.

Ninachokihofia ni upotevu wa maeneo ya wazi, ule unaokuja taratibu. Eneo la wazi halipotei kwa siku moja. Mtu huomba nafasi ya muda ya kuweka kibanda pembeni mwa uwanja, kisha kibanda kinazungushiwa mabati, mabati yanageuka matofali, na mwishowe inaandikwa barua ya kubadilisha matumizi ya ardhi ambayo kazi yake ni kuhalalisha kilichokwishajengwa. Katika kila hatua wanaolalamika huambiwa kwamba kilichochukuliwa ni kidogo. (Sisemi kwamba wafanyabiashara wadogo wafukuzwe, wao wanahitaji masoko yaliyotengwa mapema, na hilo nalo ni suala la mipango hiyohiyo.) Mtoto aliyezaliwa baada ya ukuta kusimama huuona kuwa sehemu ya mtaa wake, na wazee wakisema kwamba pale palichezwa mpira, au kwamba lile bonde lilikuwa likipitisha maji ya mvua, huwasikiliza kama wanaosimulia hadithi. Maji yenyewe huendelea kuifuata njia yake ya zamani, na ndiyo maana nyumba zilizojengwa bondeni hufurika kila masika. Hivyo ndivyo kila kizazi kinavyopokea mji uliopungua na kuudhania kuwa mzima.

Tofauti ya muda baina ya anayeamua na anayeathirika ni kubwa mno. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inaruhusu haki ya kumiliki ardhi itolewe kwa kipindi cha hadi miaka 99, wakati diwani anayekaa kwenye kikao anachaguliwa kwa miaka 5. Kikao cha asubuhi moja kinaweza kuwafunga wajukuu wa wajumbe wake, na wajukuu hao, wakitaka eneo la shule au zahanati, watalazimika kulipa fidia kwa bei ya ardhi ya wakati huo. Mji mdogo ambao leo unaweza kutenga hifadhi ya barabara kwa kuweka vigingi tu, miaka 30 ijayo utaipata kwa kubomolea watu nyumba zao.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za miji midogo zibandike mchoro wa mipango miji katika kila ofisi ya kata, ukiwa mkubwa wa kutosha mtu kuuona mtaa wake, na maeneo ya wazi yakiwa yamepakwa rangi ya kuyatofautisha. Ombi lolote la kubadilisha matumizi ya eneo la umma lisomwe kwanza katika mkutano wa wakazi wa mtaa husika kabla ya kufikishwa kwa madiwani, na majina ya waliokubali na waliokataa yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Na pembezoni mwa mji, ambako mashamba yanakatwa viwanja kila mwezi, wapimaji watangulie wanunuzi, waweke hifadhi za barabara na njia za maji kabla tofali la kwanza halijapangwa.

Wako,
Msomaji wa gazeti hili