Heri za Krismasi, na Tafadhali Taja Jina Lako

Ndugu, marafiki na wote mnaokishika mkono kikundi chetu cha wasioona, hamjambo.

Salamu hizi ni maneno matupu. Hazina ua, hazina mshumaa, hazina nyota inayomeremeta juu ya hori. Nina sababu. Krismasi iliyopita simu yangu ililia tangu alfajiri. Mimi sioni, kwa hiyo simu ndiyo hunisomea yanayoingia. Nikagusa salamu ya kwanza, ikasema: "Picha." Nikagusa ya pili: "Picha." Ya tatu ilitoka kwa shangazi yangu ninayempenda kweli: "Picha." Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa na picha ishirini na kitu na salamu moja tu, ya fundi wa viatu wa pale stagini, aliyeandika: "krismas njema kaka, kiatu kiko tayari." Nilicheka peke yangu kitandani. Fundi yule hajui mpaka leo kwamba ni yeye peke yake aliyenisalimu siku ile.

Basi ombi langu la kwanza ni hilo. Ukitaka kumtumia salamu mtu asiyeona, andika. Maneno matatu yanatosha. Ua tutumie pia ukipenda, lakini liandamane na neno, kwa sababu yale maandishi mazuri yaliyochorwa ndani ya picha simu nyingi hazituambii. Na kama simu ya mwenzetu bado ina sauti ya Kiingereza, msishangae akiwajibu huku anacheka. Sauti ile ikikutana na "Heri ya Krismasi" hutamka "Harry". Kwa miaka miwili nilidhani familia nzima inanipa salamu za mtu anayeitwa Harry.

Ombi la pili ni la ana kwa ana. Wiki hii wengi wetu tutakuwa kwenye boma lililojaa watu: wajomba, mashemeji, watoto waliorefuka mno tangu mwaka jana. Atatokea mmoja, hakosi, atakayenishika mkono, asiuachilie, aniulize: "Unanijua mimi ni nani?" Halafu anyamaze, angoje, na watu wote wangoje, kama niko kwenye mtihani. Jamani. Sauti hubadilika. Kuna mafua, kuna uzee, kuna muziki unaopigwa nyuma. Nikikosea jina, aliyeuliza anaona vibaya na mimi naona haya. Sema tu: "Ni mimi, binamu yako, mtoto wa Mama Mdogo." Na ukiondoka uniambie unaondoka. Nimewahi kuzungumza na kiti cha plastiki kwa dakika tano nzima, tena kuhusu siasa.

Neno "kuona" lenyewe msiliogope. Najua wapo wanaojikwaa nalo. Mtu anasema "tutaonana wiki ijayo", kisha anashtuka na kuanza kuomba msamaha. Hakuna kosa. Kiswahili hakijawahi kulifungia neno hili machoni. Mtu huona njaa, huona baridi, huona uchungu, huona raha, na hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji mboni. Nami nasema tutaonana kila siku.

Sasa niwaeleze Desemba ya Nairobi jinsi mimi ninavyoiona.

Kutoka mlangoni kwangu hadi stagi ya 46 pale Kawangware nina ramani yangu. Kwanza ni mashine ya kusagia unga, ambayo huisikia miguuni kabla ya masikioni. Kisha harufu ya mafuta ya chapati, hapo nakunja kushoto. Kisha redio ya kinyozi, ambayo tangu nimjue haijawahi kuzimwa. Baada ya redio ninahesabu hatua kumi na nne halafu nakaza fimbo, kwa maana pana mtaro usio na kifuniko. Mbele ya hapo makanga wananimalizia kazi kwa kelele zao. Watu hulalamika kwamba jiji hili lina kelele nyingi. Mimi kelele zile ni vibao vyangu vya barabarani.

Ikifika tarehe 23 au 24, ramani inaanza kupanda mabasi. Nauli inapanda, mizigo inafungwa, magodoro yanapakiwa juu. Mwenye mashine anafunga, mama wa chapati anaelekea kwao Busia, kinyozi anazima redio na kwenda ushago. Mtaro peke yake ndio hauendi kwao. Mwaka jana tarehe 26 nilitoka kununua maziwa, nikapotea hatua kama mia mbili kutoka mlangoni pangu. Nilisimama katikati ya ukimya, jua linawaka, sijui mbele wala nyuma. Nimeishi mtaa ule miaka kumi na mmoja.

Aliyeniokoa ni mlinzi wa ploti ya jirani. Mtu mwema, Mungu ambariki, ila alishika ncha ya fimbo yangu na kunivuta kama mbuzi wa sikukuu. Kwa hiyo acha niseme jambo hili mara moja, kwa wale mtakaobaki mjini. Fimbo nyeupe usiishike, ni kama umemshika mtu jicho. Msalimie, taja jina, uliza kama anahitaji msaada. Akikubali, mguse kwa kiwiko chako tu. Yeye mwenyewe atakushika juu kidogo ya kiwiko, atakuwa nusu hatua nyuma yako, na mwili wako utamweleza palipo na ngazi kabla hujafungua mdomo. Akikataa msaada, usinune. Huenda anahesabu hatua zake na wewe umemkatiza kwenye tisa.

Anayetaka kujua mwendo huo unaweza kufika wapi amkumbuke mwanariadha Henry Wanyoike wa kule Kikuyu. Alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupatwa na kiharusi, na miaka mitano baadaye akashinda dhahabu ya mita 5,000 katika michezo ya walemavu ya Sydney. Kiongozi wake wa mbio aliugua na kuishiwa nguvu mbioni, hivi kwamba dakika za mwisho kipofu ndiye aliyekuwa akimkokota mwenye macho hadi kwenye utepe. Hadithi hiyo huwa siisimulii sana, maana watu wakishaisikia hudhani kila asiyeona ni lazima akimbie. Mimi nikitembea salama hadi dukani nimeshinda.

Kuhusu zawadi. Mwaka huu tumepokea unga, mafuta ya kupikia, sabuni na mablanketi, na tunashukuru kwa dhati. Unga unaliwa na blanketi linafunika, sitaki mtu ajione mjinga kwa kutuletea. Lakini kulikuwa na ugeni mmoja, nitaacha jina lao, waliokuja na mpiga picha. Akatupanga mstari, magunia mbele yetu, akapaza sauti: "Haya, wote muangalie hapa!" Tukaangalia. Kila mtu upande wake. Naambiwa picha ile ilirudiwa mara saba. Chakula tulikila, ila kuna mzee wetu mmoja ambaye tangu siku hiyo, kila akisikia kuna wageni, huuliza kwanza kama wana kamera.

Tunachokosa zaidi ni mtu wa kutusomea, na Desemba si mwezi wa shida hiyo. Shida iko Februari. Barua kutoka shule, bili ya maji, karatasi ya kliniki, maelezo ya dawa. Mimi nina chupa mbili za dawa ya matone, ukubwa mmoja, umbo moja. Ya asubuhi nimeivisha raba bendi shingoni ili vidole vinijulishe. Ujanja huo hauwezi kuniambia kama dawa imepitisha tarehe yake. Mwaka huu alitokea kijana wa chuo aliyekuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akaketi kwenye ukumbi wa kanisa tunaoazimwa, akasoma chochote kilichowekwa mezani. Hakuleta hata pakiti ya biskuti. Ndiye mgeni tunayemuulizia akichelewa.

Pesa nayo ina vituko vyake. Noti za 2019 zina mistari iliyoinuka pembeni ili sisi tuzitambue kwa kidole, na ukipata noti mpya mstari unausikia vizuri. Lakini noti iliyozunguka kwenye mikono ya makanga miezi sita imelainika kama kitambaa cha kufutia meza. Ukimrudishia asiyeona chenji, mtajie kila noti unapomwekea mkononi. Hasa msimu huu ambapo kila mtu ana haraka.

Kwa mtakaoenda mashambani nina jambo la uzito kidogo, nivumilieni. Mchunguzeni mzee wa nyumbani. Nyanya akimwaga chai nje ya kikombe, au babu akilalamika kwamba taa za siku hizi hazina nguvu, msiseme ni uzee tu. Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye ndiye sababu kubwa ya upofu duniani na ambaye hutibika. Daktari huondoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka nyingine ya kutengenezwa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa walio karibu na Nairobi, Kikuyu kuna hospitali ya macho, Loresho pia ipo. Wangu mimi haukuwa mtoto wa jicho. Ni glakoma, presha ya macho. Haiumi. Huanza kula pembeni, wewe unadhani tu kwamba siku hizi watu wamezoea kukupiga vikumbo, na inapofika katikati, kilicholiwa hakirudi. Matone huzuia kilichobaki kisiliwe haraka, na kwangu tulianza tumechelewa. Hutembea pia katika damu ya familia, ndiyo maana ndugu zangu wote wanne niliwasukuma kliniki kwa nguvu. Mmoja alinuna mwezi mzima. Alipopimwa akakutwa nayo, mapema, na leo bado anaendesha gari.

Nimalizie na jambo la furaha. Mwaka huu nilianza kujifunza Breli, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, kwa mwalimu wetu aliyesomea Thika, ile shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Katiba yetu imeitaja Breli tangu 2010, kifungu cha 7 kile kile kinachozungumzia lugha za nchi, lakini kuitaja na kuijua ni vitu viwili. Herufi ni nukta sita, tatu kushoto na tatu kulia, mtoto wa nasari anaweza kukariri. Taabu ni sleti, kifaa cha kuandikia. Karatasi unaibana katikati ya chuma, unatoboa kwa stailasi, kijichuma chenye ncha, na nundu hutokea upande wa pili. Kwa hiyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi kinyume, kisha unageuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kama kawaida. Neno langu la kwanza nilitaka liwe "heri". Nikalitoboa kwa moyo wote, kushoto kwenda kulia kama nilivyofundishwa darasa la kwanza, nikamkabidhi mwalimu. Akapitisha kidole, akanyamaza, akapitisha tena. "Kaka," akasema, "umeandika e-w-i-j." Sasa ndilo jina langu kikundini. Ewij.

Aliyeitunga mbinu hii, Louis Braille, alizaliwa tarehe 4 Januari 1809, na alijiumiza jicho akiwa na miaka mitatu kwa chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake. Stailasi ninayoshika haitofautiani sana na chuma hicho. Mwalimu alipotuambia hayo darasa lilikaa kimya kidogo, kisha mtu akauliza chai inaletwa saa ngapi.

Tarehe hiyo ya 4 Januari sasa ni Siku ya Breli Duniani, nasi tutakutana ukumbini kuisherehekea kwa chai na mandazi. Karatasi rasmi za Breli ni ghali, na wanafunzi kama mimi tunaziharibu kwa wingi. Hapo ndipo mnapoingia ninyi. Mkirudi kutoka mashambani mtang'oa kalenda za ukutani za mwaka huu, zile za benki, za kanisa, za duka la dawa. Msizitupe wala msifungie nyama. Ile karatasi nzito ya kalenda hushika nukta vizuri sana, na sisi hatujali kama upande mmoja una picha ya meneja. Za plastiki hazifai, tumejaribu. Zikunjeni kwa kuzungushwa, si kwa kukatwa mikunjo, maana mkunjo kidole huusoma kama herufi.

Wenzetu tusiosherehekea nao Krismasi, heri ya likizo na mapumziko mema. Mnaosafiri, nendeni salama mrudi salama, hasa wewe mama wa chapati.

Wenu,
Ewij
kwa niaba ya kikundi, Kawangware