Kabla hujatuletea ile picha ya babu na meli ya jeshi, soma hapa kwanza

Kwenye kazi yetu ya kuskani na kusafisha picha za zamani kuna picha ya aina moja ambayo tunaletewa sana: meli kubwa imejaa askari, wamebanana kwenye sitaha mpaka kwenye ngazi, wengine wamepanda juu ya maboti, na nyuma ya picha kuna neno kama Kilindini au Colombo (Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo) limeandikwa kwa penseli. Mwenye picha mara nyingi anajua kitu kimoja tu, kwamba babu yumo humo ndani. Alikuwa keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akapelekwa Burma (Myanmar ya leo) kwenye Vita Kuu ya Pili, akarudi au hakurudi, na hiyo ndo picha pekee ya ujana wake iliyobaki kwenye familia.

Swali mnalotuuliza kabla hata hamjakaa ni kama tunaweza kuifanya sura yake ionekane vizuri. Tuseme ukweli hapa hapa ili mtu asije amesafiri bure. Picha nyingi za miaka ile zilichapwa moja kwa moja toka kwenye negativu bila kukuzwa, kwa hiyo karatasi yenyewe ni kama sentimita 6 kwa 9, sasa hata kama ni kipande tu cha sitaha kilichoingia kwenye hiyo karatasi, kichwa cha mtu kinabaki kama milimita moja, na ikiwa ni meli nzima kinakuwa kidogo zaidi. Tukiiskani kwa dpi 1200 (yaani nukta 1200 kwa kila inchi) hiyo milimita moja inatupa pikseli, yaani nukta za picha, kama 47 toka sikio mpaka sikio, na humo humo kuna chembe za filamu, mikwaruzo na vumbi la miaka themanini. Unaona kofia, unaona kivuli cha kofia kwenye paji la uso, kwa bahati nzuri unaona masharubu. Macho hayapo. Hayajafutika, kamera yenyewe haikuyachukua.

Najua kuna programu za akili bandia kwenye simu, unaweka picha na sekunde chache baadaye unapata uso msafi, macho yanang'aa, mpaka vinyweleo vinaonekana. Huyo si babu yako jamani. Programu imetunga uso kutokana na nyuso za watu wengine ilizofundishwa nazo, na ukiirudia mara ya pili inaweza kukupa mtu tofauti kabisa. Sisi kazi hiyo hatuifanyi, hata mteja akituomba sana, kwa sababu ule uso utawekwa kwenye fremu, wajukuu watakua wanauangalia kila siku, na hakutakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba yule ni mgeni.

Tunachoweza ni kutoa kila kilichomo kweli kwenye karatasi, na niamini ni kingi. Kofia pana yenye ukingo mmoja uliokunjwa juu, beji ya begani kama picha imepigwa karibu (Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyofika Ceylon 1943 na mwaka uliofuata ikapigana huko Burma, bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin, ilikuwa na kichwa cha kifaru, yule mnyama mwenye pembe), namna mtu alivyosimama, bega lililoshuka, mkono ulioshika reli. Kama mna picha yake nyingine ya studio ileteni pia tuziweke pamoja, na hapo mwenye kusema yule ndo yeye ni shangazi au bibi aliyemjua, sio sisi.

Sasa kuna jambo linatuuma sana. Picha nyingi zinaharibika wiki ya mwisho kabla ya kutufikia, baada ya kudumu miaka yote hiyo kwenye sanduku, kwa sababu mtu ameona madoa akachukua kitambaa chenye maji akafuta. Picha hizi zina tabaka la jelatini linaloshika chembe za fedha ambazo ndo picha yenyewe, na jelatini inatengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama kwa hiyo ukungu unaila, hasa kwenye joto na unyevu wa pwani. Ikishaliwa hivyo inayeyuka kwenye maji. Ukipitisha kitambaa kibichi mara moja tu umeondoka na safu nzima ya askari. Doa la ukungu usiliguse, weka picha mahali pakavu penye hewa, nje ya mfuko wa plastiki, halafu ituletee ilivyo. Ile rangi ya kung'aa kama fedha inayotokea sehemu nyeusi nayo sio uchafu, ni fedha ya picha imepanda juu, wala usiisugue.

Iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue, lete na kioo chake, tunaipiga picha hivyo hivyo. Seloteipu pia iache, ukiivuta inatoka na picha.

Na upande wa nyuma! Watu wanatutumia mbele tu kwa WhatsApp. Nyuma ndo kuna mhuri, namba, jina nusu. Penseli iliyofutika mara nyingi inasomeka ukiimulika kwa taa iliyolazwa kando, mikandamizo inatoa vivuli, kwa hiyo tunapiga mbele na nyuma kila mara, bila ya kuombwa.

Kuhusu meli yenyewe, familia kadhaa zinatuambia ni Khedive Ismail. Naelewa kwa nini, ndo meli inayokumbukwa kwa uchungu: ilitoka Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo, tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Japani I-27 karibu na Maldives, ikazama kwa dakika kama mbili, na kati ya watu 1,511 waliokuwemo walikufa 1,297, wengi wao wakiwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Lakini msafara ule peke yake ulikuwa na meli tano za askari, na meli za abiria zilipakwa kijivu wakati wa vita, majina yakafichwa. Tunaangalia idadi ya dohani, milingoti na jinsi maboti yalivyopangwa, tunalinganisha na picha zinazojulikana, na kama havilingani hatuandiki jina hilo kwenye nakala. Kama babu hakurudi, tafuteni jina lake kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ipo bure mtandaoni, jaribuni tahajia tofauti tofauti maana makarani waliandika walivyosikia. Waliopotea na Khedive Ismail wana kumbukumbu yao kwenye makaburi ya vita Nairobi.

Ukija unaondoka na picha yako halisi siku hiyo hiyo, sisi tunabaki na skani tu. Baadaye unapata faili mbili, moja picha ilivyo na madoa yake yote, nyingine iliyosafishwa mikwaruzo na mikunjo, pamoja na nakala ya ukutani. Ile halisi usiitundike kwenye jua, iweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, tunakupa.