Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafunzo ya Walimu na Wakuu wa Shule za Montessori

Ndugu wanachama,

Desturi ya taarifa hii ni kuhesabu yaliyofanyika. Mwaka huu naanza na tulichoacha kufanya, kwa sababu ndicho kilichobadilisha mengine yote. Tumeachana na semina za siku moja zenye mada tano, vyeti na picha ya pamoja. Kamati ya mafunzo ilijiuliza mwalimu anayetoka kwenye semina ya aina hiyo hubadilisha nini darasani siku ya Jumatatu. Mara nyingi hupanga upya rafu moja, na baada ya wiki mbili rafu hiyo nayo imerudi ilivyokuwa. Alisikiliza vizuri, lakini hakuna aliyemfuata darasani kumwona akitumia alichosikia.

Mafunzo yetu sasa huenda kwa vipande vinne, na mwanachama haruhusiwi kuruka kimoja. Kwanza, mwalimu hutazama darasa lake mwenyewe na kuandika, ili aje na swali lake. Pili, siku mbili za mafunzo juu ya eneo moja tu: maisha ya kila siku, milango ya fahamu, lugha au hisabati. Tatu, wiki sita za mazoezi kazini, ambapo mwalimu mlezi huja darasani mara mbili, mwanzoni na karibu na mwisho. Nne, kikao cha saa moja na mkuu wa shule. Hicho cha nne ndicho kilicholalamikiwa zaidi, na ndicho ambacho kamati haitakilegeza. Matatizo mengi tunayoyakuta darasani yametengenezwa ofisini.

Kutazama

Maria Montessori, mwanzilishi wa mfumo wetu, alikuwa daktari kabla ya kuwa mwalimu. Nyumba ya watoto aliyoifungua San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907 aliiongoza kwa jicho hilo la kidaktari: kutazama, kuandika, ndipo kuamua. Walimu wetu wengi wana diploma na albamu zilizojaa, yaani madaftari yao ya namna ya kumwonyesha mtoto kila kifaa, ila hawana dakika 20 kwa wiki za kukaa kitini bila kumgusa mtoto. Kwa hiyo hapa ndipo tulipoweka nguvu.

Utaratibu tunaofundisha ni mwepesi kuueleza na mgumu kuufuata. Weka kiti kimoja pembeni, mahali palepale kila mara, watoto wakizoee. Kaa dakika 20 hadi 30. Daftari lina safu nne: saa, herufi ya kwanza ya jina la mtoto, anachofanya, na kilichomwanzisha, yaani kama alichagua mwenyewe, alimfuata mwenzake au alielekezwa na mwalimu. Safu ya maoni haipo, na tumeiacha makusudi. Maoni huandikwa baadaye, watoto wakiwa wameondoka, tena kwenye ukurasa mwingine. “Mvivu leo” ni hukumu. “Saa 3:40, amechukua mtungi, ametazama dirishani, ameurudisha bila kumimina” ni taarifa, na kesho mwalimu anaweza kuifanyia kazi.

Kila baada ya dakika 10 mtazamaji huinua macho na kuhesabu darasa zima: wangapi wamezama kazini, wangapi wana kazi mkononi lakini hawajatulia, wangapi wanazurura, wangapi wanamsubiri mwalimu. Hesabu hizo zikichorwa mstari, asubuhi nzima huonekana kwenye karatasi moja. Katika darasa lililokaa sawa mstari wa waliozama hupanda, hushuka katikati ya asubuhi, kisha hupanda tena juu zaidi ya mwanzo. Mshuko huo ndio Montessori aliouita uchovu wa uongo. Watoto wamemaliza kazi nyepesi, sauti zinapanda, baadhi wamesimama katikati ya chumba hawajui washike nini. Mwalimu asiyeujua huona darasa linamponyoka, hupiga kengele na kuwaita wote mkekani waimbe. Amekata asubuhi palepale ambapo kazi kubwa ilikuwa inakaribia kuanza. Anayeujua hupunguza mwendo wake mwenyewe, humshughulikia kwa sauti ya chini yule mmoja au wawili wanaowagusa wenzao, na kuwaacha wengine. Wengi hurudi rafuni wenyewe, na safari hii huchukua kazi ngumu kuliko ile ya kwanza.

Makosa yaliyojirudia katika karatasi tulizopokea ni haya. Kuna anayeinuka kila dakika tatu kwenda kurekebisha jambo, na huyo hatazami, anafundisha huku ameshika daftari. Kuna anayeandikia kwenye simu. Watoto huja kuchungulia kioo, na kilichokuwa kinatazamwa kimekwisha. Kuna anayemwandika mtoto mmoja tu, yule msumbufu, ilhali sababu ya usumbufu iko upande wa pili wa chumba. Na karibu kila mtu husahau safu ya wanaosubiri. Safu hiyo inampima mwalimu kuliko watoto: ikijaa, ujue maonyesho ya vifaa hayawiani na umri, au rafu iko juu, au mwalimu msaidizi amewazoesha kuomba ruhusa kwa kila kitu.

Vifaa na maonyesho

Siku mbili za hisabati zilianza kwa kuhesabu, na waliohesabu walikuwa walimu. Sanduku la vijiti lina vyumba kuanzia 0 hadi 9, na vijiti 45 kamili. Kikipotea kimoja, mtoto aliyehesabu sawasawa tangu chumba cha 1 hufika cha 9 akiwa na vijiti 8 mkononi. Hajakosea popote, lakini kifaa kinamwambia amekosea. Atarudia mara mbili, tatu, kisha atakikimbia kifaa hicho, na mwalimu ataandika kwamba hapendi hesabu. Mnara wa waridi una michemraba 10, mkubwa una sentimita 10 kila upande na mdogo sentimita 1, na huo mdogo ndio unaopotea kwanza, kwenye zulia au mfukoni. Mnara wa michemraba 9 bado unasimama, kwa hiyo watu wazima hawashtuki. Kila shule sasa ina orodha ya vipande iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, na msaidizi huhakiki rafu moja kila Ijumaa. Kifaa chenye upungufu huondolewa rafuni mpaka kikamilike. Afadhali rafu yenye nafasi wazi.

Katika lugha tulishughulika na herufi za msasa, zile za karatasi ya msasa ambazo mtoto huzipapasa kwa vidole, na somo la hatua tatu, ambalo Montessori alilichukua kwa Édouard Séguin, daktari Mfaransa aliyefundisha watoto wenye ulemavu wa akili. Hatua ya kwanza ni kutaja, ya pili ni kutambua (“nionyeshe”, “weka hapa”, “nipe”), ya tatu ni kukumbuka (“hii ni nini?”). Kosa kubwa ni kuikimbiza hatua ya pili. Hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa ndefu kuliko zote, yenye mchezo na kutembea, na walimu wengi huipa maswali mawili halafu huruka kwenye “hii ni nini?”. Mtoto akikosa hapo, somo limegeuka mtihani. Asisahihishwe. Rudi hatua ya pili, au funga somo kwa furaha ulirudie siku nyingine. Chagua herufi mbili au tatu zinazotofautiana kwa umbo na kwa sauti. Anayeweka b na d pamoja, au m na n, amejitafutia kazi. Tena tunataja sauti, si jina la herufi: “mmm”, si “em”. Walimu waliosoma zamani kwa majina ya herufi hujikuta wakiteleza hata baada ya miaka, kwa hiyo mlezi hukaa karibu na kuhesabu.

La mwisho katika eneo hili ni maneno. Mlezi huandika kila neno analolitamka mwalimu akionyesha kifaa cha milango ya fahamu, kisha wanalisoma pamoja. Maonyesho ya mnara yanahitaji mwaliko mfupi tu, baada ya hapo ni mikono. Mtoto hawezi kutazama mkono wako na kusikiliza hotuba yako kwa wakati mmoja, na akilazimika kuchagua atachagua uso wako.

Wakuu wa shule

Mkuu wa shule hahitaji diploma ya Montessori ili alinde darasa, lakini anahitaji kujua analinda nini. Kwa watoto wa miaka 3 hadi 6 analinda mambo mawili: kipindi cha kazi cha saa tatu mfululizo, ambapo mtoto huchagua kazi yake bila kukatizwa, na mchanganyiko wa umri darasani.

Tuliwataka wakuu walete ratiba halisi, si ile ya kwenye brosha. Shule inayotangaza kipindi cha saa 2:30 hadi 5:30 ilikutwa na gwaride la asubuhi linalokula mwanzo, vitafunio vya pamoja saa 4:00, na mwalimu wa muziki saa 4:45. Kilichobaki ni vipande ambavyo kila kimoja kinaishia kabla ya mtoto kuzama. Tiba yake haina gharama. Vitafunio viwekwe kwenye meza ya watu wawili ndani ya darasa, kila mtoto ale akiwa na njaa na aoshe sahani yake, jambo ambalo lenyewe ni kazi ya maisha ya kila siku. Muziki na michezo vihamie mchana. Wageni na wazazi wakae kitini kama mtazamaji yeyote. Matangazo ya ofisi yasubiri.

Mchanganyiko wa umri huharibiwa na hofu ya shule ya msingi. Watoto wa miaka 5 huondolewa wakakae chumba chao “wajiandae”, na darasa hupoteza mwaka wake wa tatu, yaani wale wanaowaonyesha wadogo namna ya kubeba zulia na waliokuwa tayari kuvuna walichopanda miaka miwili. Tumeandaa maelezo ya ukurasa mmoja kwa wazazi juu ya hili. Wakuu wayachukue kwa katibu.

Fomu za ukaguzi zilituchukua miezi. Nyingi zinauliza kama malengo yameandikwa ubaoni, kama darasa zima lilijibu, kama mwalimu alitawala mjadala. Mwalimu bora wa Montessori hufeli fomu hiyo, na anajua, basi siku ya ukaguzi huigiza darasa la kawaida. Fomu yetu mpya ina maswali sita tu: vifaa ni kamili? Watoto wangapi walichagua wenyewe? Mwalimu alikatiza umakini mara ngapi? Alionyesha kifaa kwa nani, na kumbukumbu iko wapi? Msaidizi alikuwa wapi? Kipindi kilikatwa na nini? Swali la sita humrudia mkaguzi mwenyewe, na hivyo ndivyo tulivyokusudia.

Kuhusu ajira, neno fupi. Jina Montessori halina mwenyewe kisheria karibu popote, na mtu yeyote anaweza kulipaka ukutani au kulichapa kwenye cheti. Shirika la kimataifa la AMI, alilolianzisha Montessori mwaka 1929 pamoja na mwanawe Mario, hutoa diploma zake kwa ngazi za umri, na vyuo vingine makini hufanya vivyo hivyo. Mkuu aulize ngazi, aombe kuona albamu alizoandika mwombaji, na ampe kifaa kimoja akionyeshe papo hapo. Na asimpandishe mwalimu wa miaka 3 hadi 6 kwenda kwa watoto wa 6 hadi 12 kwa sababu tu kuna nafasi. Huko juu watoto hufanya kazi kwa makundi, wanabishana, wanataka hadithi kubwa za ulimwengu na sababu za mambo. Mwalimu aliyezoea ukimya wa wadogo atatumia mwaka mzima kuwanyamazisha.

Yaliyotushinda

Walimu wasaidizi tuliwaacha nyuma. Tuliwapa nusu siku, na nusu siku haitoshi kumfundisha mtu mzima kukaa na mikono yake wakati mtoto anamwaga maji. Walezi ni wachache na ni walewale. Wanafundisha madarasa yao, kisha wanasafiri kwenda kwa wengine. Video za maonyesho tulizorekodi tumezisitisha, kwa kuwa baadhi ya walimu walianza kuiga kasi ya mtu wa kwenye video badala ya kumtazama mtoto aliye mbele yao. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Mwakani wasaidizi watapata siku mbili kamili, ya pili ikiwa ndani ya darasa lenye watoto. Kila shule yenye mlezi italazimika kumwachia siku moja kwa mwezi, na kumweka mtu wa kushika darasa lake siku hiyo. Maombi ya mlezi yapelekwe kwa katibu wiki nne kabla ya muhula, yakiambatana na karatasi tatu za kutazama na ratiba halisi ya asubuhi, iliyosainiwa na mwalimu na mkuu wa shule. Ombi lisilo na karatasi hizo litarudishwa.

Mwenyekiti