Zile sanamu si miungu

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu wenyeji wa pwani ya magharibi ya Kanada niliifurahia, ila maelezo yaliyo chini ya picha yamenikera. Mmesema sanamu za Wakwakwaka'wakw, jamii mojawapo ya wenyeji hao, ni miungu ya mbao. Naishi Vancouver, na sanamu hizo nimezitazama kwa karibu katika jumba la makumbusho la chuo kikuu hapa. Hazikuchongwa ziabudiwe.

Kazi yake ilikuwa ya hadharani. Chifu alipoandaa potlachi, yaani karamu ya kugawa mali mbele ya mashahidi, sanamu ilimtangazia hadhi na madai yake. Ile iliyosimama ufukweni huku imenyoosha mikono iliwapokea wageni waliokuja kwa mitumbwi. Nyingine ina kinywa kilichotobolewa hadi nyuma: msemaji wa chifu alijibanza kisogoni pake akahutubia kupitia tundu hilo, ikawa kana kwamba wazee waliokufa ndio wanaowakaribisha watu. Ipo pia ya mtu aliyeshika bamba la shaba lenye umbo la ngao. Kila bamba lilikuwa na jina lake, na lilipouzwa tena bei ilipanda, ikihesabiwa kwa mablanketi, pengine maelfu.

Ninayoipenda mimi ni sanamu ya kumwumbua mdeni. Chifu mwenzako amepokea mali yako, zamu yake ya kulipa imefika, kimya. Basi unamwita fundi, anamchonga kwenye gogo la mwerezi, unamsimamisha pale ambapo kila mtu atamwona. Tangazo la mnada gazetini lina huruma zaidi!

Sasa, kwa nini nalalamika kwa sababu ya maneno mawili matatu? Kwa sababu wamisionari na maafisa wa serikali waliitazama potlachi hivyo hivyo, kama upagani na ufujaji wa mali, na sheria ya 1884 ikaipiga marufuku. Desemba 1921 Dan Cranmer, chifu wa Wakwakwaka'wakw, alifanya potlachi kubwa kwenye kisiwa cha Village Island. Watu 45 wakashtakiwa, wengine kwa kosa la kuhutubia, kucheza ngoma au kugawa zawadi tu. Waliokubali kusalimisha vinyago na shaba zao walisamehewa kifungo. Wengine walikwenda jela. Marufuku iliondolewa 1951, na vitu vilivyoanza kurudishwa vikajengewa kituo cha utamaduni cha U'mista, katika kijiji cha Alert Bay, kilichofunguliwa 1980. Vingine vilikuwa vimeshatawanyika kwenye majumba ya makumbusho na kwa wakusanyaji wa nchi za mbali.

Naomba mrekebishe maelezo ya picha. Andikeni sanamu ilitoka kijiji gani, ilikuwa ya ukoo upi, na ilisimamishwa kwa shughuli gani. Makumbusho mengi huwa na kumbukumbu hizo, na mwandishi wenu angeziuliza.

Msomaji wenu,
Vancouver, Kanada