YAH: SHEHENA YANGU YA KARATASI ILIYOCHOMWA NYUMA YA KIWANDA CHENU

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa heshima, ingawa mizanini kwenu sikuipata.

Shehena ilikuwa karatasi nyeupe, vipande vinavyobaki kwenye mashine za kukatia za wachapaji wa mtaa wa Nasser Road hapa Kampala, havijaguswa na wino. Vijana wangu walichambua kama mnavyotaka: pini nje, nailoni nje, vikombe vyenye plastiki ndani nje. Msimamizi wenu wa mizani akachomeka kidole kwenye robota moja la juu, lililopata manyunyu njiani, kwenye msitu wa Mabira, akatangaza mzigo wote umelowa. Nikamwomba apime. Akasema, "Mama, takataka hazipimwi." Marobota yakashushwa nyuma ya ukuta, kinamasini, yakatiwa moto.

Kwani kulowa ni kosa? Karatasi yenyewe mnaitumbukiza majini mkaisaga iwe uji kabla ya lolote lingine. Unyevu hukatwa kwenye uzito, na mmenikata msimu mzima wa mvua, hata pale mlipopitiliza nikanyamaza. Nyuzi za karatasi huweza kurudi kiwandani mara 5 hadi 7 kabla ya kuchoka. Zangu hazikuwa zimerudi hata mara moja. Halafu kwenye ile mifuko ya kaki mnayowauzia wenye maduka badala ya kavera, yaani mifuko ya plastiki, mmechapa jani la kijani na maneno "tunaokoa miti". Miti ipi, bwana Meneja?

Narudia, maana najua mtapewa hadithi nyingine. Kipima unyevu kilikuwa kinaning'inia shingoni mwa msimamizi wenu. Mimi nimeshika oda yenu yenye muhuri. Akaniangalia kuanzia viatu hadi kilemba, akasema, "Mama, takataka hazipimwi," kisha akaongeza nililoliacha hapo juu kwa aibu: "wala mwenye takataka." Madereva wakacheka. Na robota la kwanza lilishika moto mara moja, kiberiti kimoja tu. Karatasi iliyolowa haiwaki hivyo.

Naomba nilipwe shehena yote kwa bei ya karatasi nyeupe, si ya mchanganyiko. Pia makato ya unyevu ya msimu ule yarudishwe. Stakabadhi ninazo zote. Msimamizi aniombe radhi kwa maandishi, na ayasome mbele ya madereva walewale. Majivu yazolewe kinamasini. Kile si uwanja wenu: Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda inaiachia Serikali ivitunze vinamasi kwa niaba yetu wananchi, na Ibara ya 39 inanipa haki ya mazingira safi.

Ijumaa ijayo isipite bila jibu. Ikipita, picha za moto ule zitakuwa mezani NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, nakala kwa kila duka linalonunua jani lenu la kijani, na wakili ataendelea kutoka hapo. Wachapaji nimeshaongea nao. Hakuna lori la karatasi nyeupe litakalopanda kwenu kabla hamjanilipa.

Wenu,
Mfanyabiashara wa karatasi chakavu,
Kampala