Kayamba ina kosa gani kanisani?

Mhariri,

Naomba kanafasi kwa gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ibada zetu za siku hizi hapa Mombasa, manake kila mchungaji sasa ni "tuwe wabunifu, tuwe wabunifu, vijana wasitoroke", lakini ukiuangalia huo ubunifu wenyewe ni spika kubwa, taa za rangi, moshi wa disko na wimbo wa Marekani au Australia ulioigwa vilevile hadi pale mwimbaji alipokohoa. Huko ni kukopi tu jamani.

Kuna kanisa moja (silitaji, tutakosana) kina mama wa Kigiriama walikuja na kayamba zao siku ya mavuno wakaambiwa waziache nje. Ati kayamba ni ya kupungia pepo. Haya, ni kweli ngoma za pepo zinapigwa kayamba, mtu wa Pwani hawezi kukataa hilo, na kuna waliookoka kutoka huko ambao wakisikia mlio ule wanashtuka, hao tuwasikilize kwa heshima. Lakini kinanda nacho si kinakesha kwenye klabu za Mtwapa? Na Jumapili asubuhi kiko madhabahuni, saa nyingine na mpigaji ni yuleyule macho mekundu, na hakuna anayekikemea. Zaburi 150 inataja baragumu, matari, zeze, filimbi, sijaona mahali imeandikwa lazima kiwe na waya wa stima. Na stima yenyewe mnaijua, ikipotea katikati ya sifa timu nzima inaganda, lakini mama wa kayamba ameishika kwa mikono miwili, anatikisa mbegu zinakimbia huku na huku ndani ya matete, dole gumba linagonga mdundo juu yake, yeye anaendelea tu.

Wakatoliki ubishi huu waliumaliza kitambo, ule mtaguso wao wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, ulifungua mlango kwa lugha na muziki wa wenyeji tangu 1963, ndio mnaona matoleo yanaingia na ngoma na watu wanacheza mpaka mbele. Na Waanglikana je, si wana lile kanisa kuu la Nkrumah Road la 1905 lenye kuba, mgeni akipita anaweza kudhani ni msikiti? Wazee wale hawakuogopa kujenga Kipwani. Hata mmishenari William Taylor, enzi hizo hapa mjini, alikaa chini na Mwalimu Sikujua, Muislamu, wakakusanya mashairi ya Muyaka, malenga wa zamani wa Mombasa, akajifunza Kiswahili cha Mvita, yaani cha hapa Mombasa, kwa wenyewe. Leo sisi tuliozaliwa nacho, nani kanisani anaweza kutunga utenzi? Kila mstari mizani (silabi) nane, vina vya mistari mitatu vinafanana, cha mstari wa nne kinashika ubeti hadi ubeti, na umetengenezwa uimbwe, hauhitaji hata gitaa. Tumewaachia ndugu zetu Waislamu peke yao.

Na huo ubunifu bila maombi nao ni shoo tu. Timu ya sifa inafanya mazoezi Jumamosi kutwa, ukiita kesha la maombi wanakuja wawili na mmoja amekuja kuchaji simu.

Uinjilisti ndio usiseme. Mtu anafunga spika nne mtaani anapiga kelele hadi saa sita usiku, mtoto wa jirani ana mtihani kesho, halafu anasema watu wana mioyo migumu. Pale feri ya Likoni kuna mzee hana hata kipaza sauti, anasimulia habari ya mwana mpotevu kama umbea wa Mtongwe, kijana kadai fungu lake la minazi babake angali hai, kauza, kaenda kula hizo pesa Nairobi na warembo, na watu wanamsogelea wenyewe, buibui na kofia ziko hapo, feri ikifika ng'ambo unasikia mtu anauliza "sasa babake alimpokea ama?" Mzee anajibu njooni kesho. Huyo amebuni, na ukimtazama usoni unaona ameomba kabla ya kutoka nyumbani.

Kwa hivyo makanisa yanayochangisha pesa za spika mpya mwaka huu, nusu ya hizo pesa tafuteni malenga awafundishe vijana kutunga, na kina mama wafungulieni mlango waingie na kayamba zao.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa