Msiwacheke wanaoandika "mboni" badala ya macho

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako hunifikia hapa Busia mkononi mwa dereva wa lori anayetoka upande wa Kenya, na kwa kawaida huwa limeshaonja mafuta ya mandazi yake. La wiki iliyopita nililisoma hivyo hivyo, pamoja na madoa yake. Humo msomaji mmoja alitulalamikia sisi tunaocheza hadithi kwa maandishi kwenye simu. Anasema Kiswahili chetu kimevishwa mapambo hadi hakiwezi kutembea, kwamba mtu akitaka kueleza mhusika wake alifungua mlango humaliza aya mbili hajashika kitasa, na kwamba watu wa aina hiyo watolewe kwenye magrupu, au wachekwe mpaka wajifunze.

Mimi ni mmoja wa hao wa kitasa. Naomba nafasi nijibu.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: watu wawili, watatu, hata kumi hutunga hadithi moja kwa zamu. Kila mtu ana mhusika wake. Unaandika alichosema na alichotenda mhusika wako, unatuma, unasubiri mwenzako aandike cha wake. Hakuna ajuaye hadithi itaangukia wapi, na hapo ndipo penye utamu. Jambo hili si la juzi. Mwaka 1978 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza kutengeneza kwenye kompyuta ulimwengu wa maneno matupu, usio na picha hata moja, ambao watu waliingia wakatembea na kuzungumza kwa kuchapa tu. Sisi wenye simu za kioo kilichopasuka tunacheza kwa WhatsApp. Grupu letu lina watu wa Mombasa, Tanga, Bukavu, Mbale, na mimi. Mji wetu wa kubuni una bandari, soko la samaki na kadhi mla rushwa. Mhusika wangu ni nahodha mzee wa jahazi asiyejua kuogelea. Mimi mwenyewe bahari sijaiona. Nalijua ziwa, pale Majanji.

Mchana ni karani wa wakala wa forodha. Kutwa naandika: mayai, trei 1,200, saruji, mifuko 600, turubai limefungwa, lakiri ipo. Fomu ya forodha haina nafasi ya kivumishi. Ukiandika "mayai mazuri" utaulizwa uzuri huo umeongeza thamani kwa shilingi ngapi. Mtu wa kazi kama hii akipewa usiku mmoja wa kusema atakalo, mnategemea aandike kwa kipimo?

Nilianza mwaka 2018, mwaka ule serikali yetu ya Uganda ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii. Nalikumbuka hilo vizuri kwa sababu lilichangia kuniharibu. Nilikuwa nalipa kabla sijaandika neno, na aliyelipa kiingilio hasimami mlangoni. Niliandika hadi dole gumba likauma. Kodi ile iliondoka mwaka 2021, ikaja ya asilimia 12 juu ya data, lakini mazoea hayakuondoka nayo.

Sasa niwaonyeshe kosa langu kwa mikono yangu, kabla hajatokea mwingine wa kunionyesha. Hii ni sehemu tu ya zamu yangu moja ya siku zile:

"Nahodha, ambaye mboni zake zilikuwa lulu mbili za samawati zilizozama katika kilindi cha huzuni isiyo na pwani, aliuinua mkono wake uliokunjamana mithili ya ramani ya safari zake zote, akaupeleka polepole, polepole kama mwezi unaoiaga alfajiri, kuuelekea mlango wa mwaloni ulioguna kwa kumbukumbu za mikono elfu moja..."

Mwaloni! Mti huo nimeukuta kwenye Biblia tu. Milango ya Busia ni ya mvule kwa mwenye nacho na ya bati kwa sisi wengine. Tena nahodha mwenyewe ni Mswahili wa pwani. Hayo macho ya samawati sijui aliyakopa wapi. Mwenzangu wa Tanga, aliyekuwa akicheza muuza samaki, alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniandikia pembeni: "Dada yangu, nimesoma mara tatu. Mlango umefunguka au haujafunguka?"

Nilirudi kusoma. Haukuwa umefunguka.

Yeye aliniuliza faraghani. Wengine hawakuwa na adabu hiyo. Skrinshoti ya zamu yangu ilihamia grupu jingine, na kwa mwezi mzima watu nisiowajua waliniita Bi Mboni. Baadaye niligundua kwamba wachezaji wa Kiingereza nao wana mzaha kama huo. Wana neno lao lenye maana ya tufe ambalo wapambaji hulitumia mahali pa macho, nalo limekuwa kichekesho kwao. Mtindo wenyewe wanauita nathari ya zambarau. Jina hilo lina mizizi kwa mshairi wa Kirumi, Horace, aliyewasema zaidi ya miaka 2,000 iliyopita washairi wanaoanza kazi nzito, kisha wakashona juu yake kiraka cha zambarau ili kimetemete. Zambarau enzi hizo ilikuwa rangi ya gharama, ya wakubwa. Lakini sikilizeni alichokisema hasa. Hakuitukana rangi. Alisema kiraka kile hakikuwa na mahali pake pale. Nadhani msomaji wako wa wiki iliyopita ameisikia nusu ya kwanza ya habari hii tu.

Mapambo yangu niliyapata shuleni kabla ya kuyapata kwenye simu. Nilisomea ng'ambo, Busia ya Kenya, nikivuka mpaka kila asubuhi na daftari kichwani mvua ikinyesha. Huko insha nzuri ilianza na "Alfajiri na mapema, jogoo wa kwanza alipowika", na mtu hakukimbia ila "alichana mbuga". Kila methali ilikuwa na alama yake. Binti yangu yuko kidato cha pili upande wa Uganda, ambako Kiswahili sasa ni lazima kwa miaka miwili ya mwanzo ya sekondari, na daftari lake nimelifungua: jogoo bado anawika. Kwa hiyo mkitaka kuwacheka watu, anzeni na kalamu nyekundu.

Hayo ya shule ni mepesi. Lililo zito ni hili la sisi Waganda, na kwa neno hilo nina maana ya watu wote wa Uganda, maana mimi ni Msamia. Nani hajausikia mzaha kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda na kikazikwa Kongo? Niliusikia siku ya tatu tu baada ya kuingia kwenye grupu, kutoka kwa mtu aliyefikiri ananikaribisha. Hapa kwetu Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini raia walikisikia zaidi kwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani, kikiwaamuru washuke kwenye gari. Mama yangu hadi leo akisikia mwanamume anaongea Kiswahili nje ya ua usiku, anazima taa. Katiba imekipa nafasi ya lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini mama yangu hajaisoma katiba, na kidole chake bado kiko kwenye swichi.

Basi fikirieni mtu wa namna yetu anaingia chumba kilichojaa watu wa Tanga na Mombasa, ambao hata wakiomba chumvi unadhani wanaimba. Atafanya nini? Atafanya kama maskini aliyealikwa arusi ya matajiri: atavaa kila alichonacho, hata koti, hata jua likiwaka. "Macho" ni neno ambalo hata askari wa kizuizini alilijua. "Mboni" ni ushahidi kwamba nilikwenda shule. Sikuandika hivyo kwa majivuno, Mhariri. Niliandika hivyo kwa woga.

Lililonifanya nishike kalamu hasa ni kijana wa Mbale. Aliingia kwetu mwaka jana, kijana mpole, anaendesha bodaboda na kuandika akisubiri abiria. Katika zamu yake ya pili aliandika kwamba machozi ya mjane yaliporomoka kama maporomoko ya Sipi. Ilikuwa kazi ya dakika moja: vikatuni vya kucheka, "Sipi ndiyo nini?", mmoja akauliza kama mjane ana mifereji usoni. Kijana akatoka kwenye grupu bila kuaga.

Sasa linganisheni. Mwaloni wangu niliuokota kitabuni. Sipi yake ameiona kwa macho, amesimama chini yake nguo zikalowa. Kutoka Mbale ni safari fupi tu kwenda huko mlimani. Ule ulikuwa ulinganisho wake mwenyewe, uliokua kwenye udongo wake, na labda ulihitaji kupunguzwa kidogo tu. Lakini kicheko hakichagui. Kiliupiga mwaloni wa bandia, kikaupiga na mti wa kweli, na aliyepotea ni yule ambaye angetufaa.

Simaanishi kwamba kosa halipo. Lipo, ila si pale mnapolitafuta. Katika mchezo huu unamwandikia mtu ambaye lazima akujibu. Zamu yangu ya mlango ilikuwa na maneno zaidi ya 300 na haikuwa na hata jambo moja ambalo muuza samaki angeweza kulishika: hakuna swali, hakuna tendo, hakuna kitu kilichoanguka. Mbaya zaidi, karibu na mwisho niliandika kwamba "moyo wa muuza samaki uliruka kwa hofu takatifu". Moyo ule haukuwa wangu. Hilo kwetu tunaliita kumteka mhusika, na mapambo huliita haraka, kwa sababu ukishamaliza kumpamba nahodha wako na mlango na mwezi, kilichobaki cha kupamba ni mtu wa mwenzako. Na kuna sheria za magrupu zinazolichochea: kwetu kila zamu ilitakiwa iwe na aya tatu au zaidi. Mtu mwenye jambo la mistari miwili, ukimdai aya tatu, nyingine atazijaza kwa lulu.

Na msiniambie mapambo ni kitu cha kigeni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walitupiana mashairi yenye vina, mizani na mafumbo mazito, watu wakiyabeba kutoka mji hadi mji. Yalipambwa yale! Lakini kila shairi lilimwachia wa upande wa pili fundo la kufungua, na hawezi kulala hajalifungua. Huo nao ulikuwa mchezo wa zamu.

Dada wa Tanga ndiye aliyeniponya, wala hakunipa somo lolote. Baada ya swali lake la mlango alituma zamu fupi kuliko sheria ya grupu inavyoruhusu: muuza samaki aliweka mtungi miguuni pa nahodha, akasema, "Unavuja. Na ulikuwa ukivuja tangu siku uliponikopesha." Basi. Nilicheka peke yangu gizani, umeme ulikuwa umekatika. Mtungi upi? Nahodha alimkopesha lini? Alijua unavuja? Nikajibu kwamba nahodha aliziba tundu kwa kidole na kubaki ameinama pale, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa, na kwamba alikuwa bado ameziba hivyo kadhi alipofika kudai ushuru. Mnaona nimelibakiza pambo moja. Sikutaka kulitoa, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kadhi alikuwa ameshaingia na mchezaji wake alikuwa na la kufanya. Ule mtungi tumeucheza miezi minne.

Wapo sasa waliotishwa na kicheko hadi wanajibu "Akatabasamu" na kuweka nukta. Hao nao wanaua mchezo vilevile, ila kwa kuwa ni wafupi hakuna anayewapiga skrinshoti.

Kijana wa Mbale nilimtafuta. Ilinichukua wiki tatu, na mwanzoni hakupokea simu kwa sababu alidhani ni abiria mwenye deni. Nilimwambia, mdogo wangu, rudi, na Sipi uje nayo. Amerudi Jumapili. Mhusika wake mpya ni mpiga makasia bubu. Katika zamu yake ya kwanza bubu huyo amechota maji kwa mtungi wetu unaovuja, amemwekea kadhi miguuni, na ameketi kumtazama huku maji yakitambaa kuelekea majoho yake. Hakuna hata mboni moja. Yule bwana wa Mombasa anayecheza kadhi, ambaye ndiye aliyeuliza habari ya mifereji, ni siku ya nne leo bado anafikiria ajibu nini.

Ukilazimika kuipunguza barua hii, Mhariri, kata mwaloni. Sipi iache.

Karani wa Forodha,
Busia, Uganda